Saa ya kishairi isiwe guni

Kuna mwanamume anayepanda daraja mara 24 kwa siku. Mkononi ana waridi. Anaanzia chini upande wa kulia, anapanda taratibu kwa dakika 60, akifika kileleni anarudishwa chini ghafla, aanze upya. Upande wa kushoto yuko mwanamke mwenye mwavuli. Naye anapanda daraja lilelile, ila safari yake ni ya saa 12. Wanakutana saa sita mchana na saa sita usiku. Wanabusiana, halafu kila mmoja anatupwa kwao.

Ni saa ya mkono. Inaitwa Lady Arpels Pont des Amoureux, yaani Daraja la Wapendanao, na ilitolewa mwaka 2010 na Van Cleef & Arpels, masonara wa Paris walioanza kazi mwaka 1906. Mwanamke ni mshale wa saa, mwanamume ni mshale wa dakika. Uso wenyewe umechorwa kwa unga wa kioo unaopakwa tabaka juu ya tabaka, kila tabaka likichomwa tanuruni, mpaka usiku wa Paris unatokea kwa rangi ya majivu na buluu. 

Sasa tupige hesabu ambayo tangazo la saa hii halipigi. Jamaa anafika kileleni mara 24. Anamkuta mwenzake mara 2. Mara 22 zilizobaki anafika na waridi lake na bibie bado yuko njiani, pengine ndiyo kwanza anaanza kupanda, na kabla hajavuta pumzi anarudishwa chini. Hilo halikuandikwa kwenye karatasi yoyote inayouza saa hii. Limeandikwa kwenye magurudumu. Mshale wa dakika lazima uende mara 12 kila mshale wa saa unapokwenda mara moja. Fundi hakuwa na hiari hapo. Alichofanya ni kuivalisha hesabu hiyo suruali na gauni, na ghafla hesabu ikawa na huzuni.

Na ukiisoma saa hii kwa Kiswahili inakuwa na jambo jingine. Uso wa saa unaandikwa kwa hesabu ya Kizungu, sisi tunausoma upande wa pili: mshale mfupi ukiwa kwenye 7 tunasema saa moja, ukiwa kwenye 10 tunasema saa nne. Mtoto anafundishwa kwamba mshale unaonyesha huku, namba yake iko kule, mkiani. Basi bibi wa mwavuli anapofika kwenye 6, nusu ya njia, kwetu ni saa kumi na mbili asubuhi, jua ndilo linachomoza, hesabu ya siku inaanza. Mswahili anaamka bibie akiwa tayari amemaliza nusu ya mlima gizani. Sidhani kama waliochora uso ule Paris walilifikiria hilo, na wala hawakuhitaji kulifikiria.

Watengenezaji saa wa Uswisi huita komplikesheni kazi yoyote ambayo saa inafanya zaidi ya kutaja saa, dakika na sekunde. Kuonyesha tarehe ni komplikesheni. Kupima mbio ni komplikesheni. Kugonga kengele ya saa na dakika ukibonyeza, nayo ni komplikesheni, na ngumu kweli. Van Cleef & Arpels wao waliamua kwamba zao ni za kishairi, jina wanaloliuzia saa zao tangu mwaka 2006, na siku hizi kila mwenye saa yenye kipepeo, nyota au ua linalofunguka anasema ameandika shairi.

Hapo ndipo ninapoomba kusimama kidogo. Sisi tuliokaririshwa ushairi shuleni tunajua kwamba shairi lina masharti. Vina vikae mahali pake, mizani itimie, ubeti utosheleze. Shairi lililopungukiwa vina au mizani tunaliita guni, hata maneno yake yawe matamu kama halua ya Tanga. (Najua wapo wanaotetea mashairi huru. Huo ugomvi ni wa zamani, leo siuingilii.) Ninachotaka ni kuikopa hiyo kanuni ya darasani na kuipeleka kwenye saa: uzuri wa picha hautoshi, tuulize kama kipimo kinabeba maana. Mtu akiweka kipepeo cha lulu juu ya uso wa saa na kukifanya kipige mbawa, kipepeo kile kingepiga mbawa vilevile juu ya sanduku la hina. Hakina habari na wakati. Ni guni.

Tunayo haki ya kuikopa kanuni hiyo, kwa sababu ndani ya kila saa ya aina hii muna kitu ambacho jina lake tunalijua. Kamani, ile springi inayokazwa, inasukuma, magurudumu yanazunguka, na mwisho wa msafara liko gurudumu dogo linalokwenda na kurudi, kwenda na kurudi, likigawa ile nguvu ya kamani vipande vilivyo sawa. Jina lake huko Ulaya linatokana na mizani ya kupimia. Mizani! Katika saa nyingi za kisasa gurudumu hilo hupiga mara 28,800 kwa saa moja, ambayo ni mara 8 kila sekunde. Mshororo wa shairi letu la kawaida una mizani 16, yaani silabi 16: nane za ukwapi, kipande cha kwanza, nane za utao, kipande cha pili. Kwa hiyo mtu aliyevaa saa hiyo ana ukwapi mmoja unaokwisha kila sekunde, utao unaingia, mshororo unafungwa, mwingine unaanza, usiku kucha hata akiwa amelala. Sijui malenga gani wa Pemba angeweza kushindana na hilo kwa urari, ingawa kwa maneno angelishinda asubuhi tu.

Saa iliyonifanya nianze kuyawaza haya sikuiona Paris wala Geneva. Niliiona Dubai, kwa binamu yangu, anayefanya kazi kwenye duka la saa za mitumba. Usicheke, mitumba ya kule kuna inayozidi bei ya nyumba.

“Kaka, njoo nikuonyeshe saa inayodanganya,” aliniambia.

“Saa yoyote ikichelewa inadanganya.”

“Hii inadanganya ukiiomba.”

Akavaa glavu nyeupe, akaileta juu ya kitambaa. Ilikuwa Arceau Le Temps Suspendu ya Hermès, ile ya mwaka 2011, ya chuma, kipenyo milimita 43. Hermès walianza Paris mwaka 1837 kwa kushona hatamu za farasi, na saa zao bado zinanuka zizi kwa maana nzuri: masikio yanayoshika mkanda wa juu yana umbo la kikuku cha kupandia farasi, umbo alilolichora Henri d'Origny mwaka 1978, na namba zimelala upande kama zinakimbia. Ilikuwa saa kumi na dakika kumi. Mshale mfupi kwenye 4, mrefu kwenye 2, na chini mshale mdogo wa tarehe. Mshale wa sekunde haukuwepo, jambo ambalo nililiona kuwa ni upungufu mpaka nilipoelewa baadaye.

“Bonyeza hapa kushoto. Usiguse kioo.”

Nikabonyeza. Mishale yote miwili ikaruka juu mara moja, ikasimama ubavuni mwa 12, mfupi nukta moja kushoto, mrefu nukta moja kulia, kama watu wawili walioacha nafasi ya mtu wa tatu katikati. Ule wa tarehe ukajificha, hauonekani.

Itazame hiyo pozi vizuri. Mshale mfupi ukiwa haujafika 12, maana yake ni saa sita kasoro, na mshale mrefu ulipaswa kuwa nao hapo nyuma, haujafika. Mrefu ukiwa umepita 12 kidogo, saa mpya imeanza, na mfupi ulipaswa kuwa umegusa namba. Hayo mawili hayawezi kuwa kweli kwa pamoja. Waliotengeneza waliitafuta sehemu kwenye uso wa saa ambapo hapana saa, wakaipata.

“Saa ngapi hapo?” binamu akaniuliza.

“Saa sita,” nikasema, bila kufikiri.

Akacheka. “Wenyewe wanasema hapo hakuna saa.”

Lakini ulimi ulikuwa umeshasema, na sikuona kwamba umekosea sana. Kwetu saa sita mchana ni saa ya jua la utosi. Ukisimama uwanjani kivuli chako kinakusanyika miguuni, huna pa kukitazama kikuambie ni asubuhi au jioni. Mzee asiye na saa alikuwa anajua saa tatu kwa urefu wa kivuli cha mnazi, anajua saa tisa vilevile, lakini pale katikati kivuli kinakaa kimya. Kwa hiyo Wafaransa walipotafuta mahali pasipo na saa wakaangukia saa sita, walifika tulipo.

Mteja akaingia, binamu akaenda kumhudumia, akarudi, tukaongea habari za shangazi na mahari ya mdogo wake ambayo upande wa pili walikuwa wanaivutavuta. Saa ilikuwa imelala kwenye kitambaa, mishale imeegemea 12, haisogei, haina sekunde ya kunikumbusha kwamba ndani kuna kinachokwenda. Nikaelewa kwa nini walikataa kuweka mshale wa sekunde. Kisha binamu akabonyeza tena. Mishale ikaruka, mmoja ukaenda 4 na nusu, mwingine ukapita 6 kwa dakika moja. Nikatoa simu: saa kumi na nusu na dakika moja. Dakika 21 zilikuwa zimehesabiwa chini kwa chini, haikukosekana hata moja. Na mshale wa tarehe ukarudi mahali pake kama mtu aliyetoka kuswali.

Hapa inafaa kueleza kidogo kazi yenyewe, maana bila hivyo tunasifia picha. Saa ya kawaida ukivuta kile kijiti cha pembeni inasimama, na ikisimama inasahau. Ukitaka iendelee huna budi umuulize mtu saa, au usikilize redio, uirekebishe. Le Temps Suspendu haisimami. Mishale inaachishwa tu kutoka kwenye msafara wa magurudumu, inapelekwa pembeni, huku magurudumu yenyewe yanaendelea kuhesabu yakiwa hayana mtu wa kuyasemea. Ukibonyeza mara ya pili mishale lazima itafute mahali ambapo hesabu imefika, popote iwapo kwenye duara zima, ijishike hapo bila kuteleza. Kuna magurudumu mawili ya nguzo yanayoratibu hayo: ni vigurudumu vyenye vijinguzo vinavyosimama kama meno ya taji, vikiamua wenzo gani unyanyuke na upi uanguke. Kuurudisha mshale kwenye sifuri ni kazi ya kila siku kwa mafundi wa saa za mbio. Kuurudisha mahali ambapo hapajulikani mapema, hiyo ndiyo iliyotaka akili.

Tangazo linasema kwamba saa hii inakupa wakati wako mwenyewe: bonyeza, sahau dunia, ukae na umpendaye. Mimi naiona kama Mangi wa dukani kwetu. Unachukua sukari na mkate, unamwambia nitakulipa kesho, naye anatabasamu, “Usijali kaka,” huku mkono wake uko chini ya meza unaandika kwenye daftari. Siku utakayouliza deni lako atalitaja mpaka ile njiti ya kiberiti. Hakukukatalia furaha ya kuondoka na mkate bila kulipa, na hakusahau senti. Ndiyo maana ninaiheshimu saa hii kuliko maneno inayouziwa. Ingekuwa kweli inasimamisha wakati ingekuwa saa mbovu, na saa mbovu tunazo tele. Shairi lake liko kwenye daftari lililo chini ya meza.

Pont des Amoureux na Le Temps Suspendu zinatoka kwenye mkono mmoja. Kampuni mbili tofauti, moja sonara na nyingine mshona ngozi, zote zilikwenda kwa Jean-Marc Wiederrecht wa Geneva, aliyeanzisha karakana ya Agenhor mwaka 1996. Saa zote mbili zikashinda katika tuzo za Grand Prix d'Horlogerie de Genève, ya wapendanao mwaka 2010 na ya Hermès mwaka 2011. Jina lake halimo kwenye uso wa saa hata moja kati ya hizo. Wanaofuatilia saa wanalijua. Anayenunua kumzawadia mkewe hana habari. Ni kama mchonga mlango wa Lamu: mlango unaitwa wa bwana fulani, mwenye nyumba, na aliyeinamia patasi miezi mitatu anabaki kujulikana na wachonga wenzake tu.

Huyuhuyu alishiriki pia saa ya mwaka 2006 ya Van Cleef & Arpels kuadhimisha miaka 100, yenye kisahani kinachozunguka mara moja tu kwa mwaka, siku 365, kikipitisha majira manne ya Ulaya dirishani. Ni wazo zuri mno la kipimo: kitu kiko mkononi mwako, kinatembea, na huwezi kukikamata kikitembea. Ila ukikivaa Mtwara, theluji inakutokea dirishani wakati wewe unahesabu siku za kaskazi na jasho linakutoka. Kusi na vuli havimo.

Nimeisifu saa ya Hermès, na kitufe chake nimekikubali. Basi niseme na hili, ingawa litawaudhi wapenzi wa Daraja la Wapendanao. Matoleo ya baadaye ya saa hiyo yamewekewa kitufe. Ukibonyeza, wapenzi wanapanda daraja papo hapo, wanabusiana, wanarudi mahali pao. Saa yoyote uitakayo, asubuhi, mkutanoni, kwenye foleni. Naelewa biashara: mteja amelipa mamilioni, rafiki zake wamemzunguka, nani atawaambia wasubiri mpaka saa sita? Lakini zile safari 22 za bure zilikuwa ndizo mizani ya shairi lile. Busu la saa sita lina thamani kwa sababu ya safari 11 zote zilizolitangulia ambazo jamaa alipanda akakosa. Ukimpa mtu kitufe, umelirarua shairi ukabakisha mstari wa mwisho, ukaurudia kila anapotaka. Kitufe kilekile kwenye saa moja kinaleta maana, kwenye nyingine kinaiua, na sababu inaeleweka. Cha Hermès hakigusi hesabu, kinaificha tu. Cha darajani kinaghushi hesabu, wapenzi wanakutana saa ambayo hawakukutana.

Nikishasema hayo, nakiri nilipoona video ya kitufe hicho niliitazama mara nne.

Kuna komplikesheni moja ya kishairi ambayo ni ya zamani kuliko jina hilo, nayo ni mwezi. Kidirisha chenye umbo la matuta mawili, na nyuma yake kisahani chenye miezi miwili kinachosogea jino kwa jino. Ya kawaida ina meno 59, kwa kuwa mwandamo mmoja ni siku 29 na nusu na ziada ndogo, na mara mbili yake ni 59. Ile ziada ndogo ikijikusanya, kisahani kinapotea kwa siku nzima kila baada ya takriban miaka miwili na miezi saba. Saa za gharama zaidi zina gurudumu la meno 135 na zinapotea siku moja kwa miaka 122, na wauzaji hutaja hesabu hiyo kwa fahari kama vile mteja atakuwepo kuikagua.

Ulaya mwezi huo ni pambo. Unapendeza kwenye saa ya suti, mwenyewe hana cha kuufanyia. Pwani yetu ni habari nyingine. Mvuvi wa Kizimkazi akijua mwezi uko wapi anajua maji: siku moja mbili baada ya mwezi mpevu au mwezi kuandama ni bamvua, maji yanajaa sana na kutoka sana, miamba inabaki wazi na kina mama wanakwenda pweza, mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, hayaendi mbali. Kile ambacho kwa bwana wa Geneva ni ushairi, kwa bibi wa Makunduchi ni ratiba ya kazi. Halafu sisi ndio tuliosema mrembo ni mwezi wa kumi na nne, tukautumia uleule kwa kazi na kwa mapenzi bila kuona shida.

Hermès wamewahi kulijaribu na hili. Mwaka 2019 walitoa Arceau L'Heure de la Lune: miezi miwili mikubwa ya lulu imetulia, na visahani viwili, kimoja cha saa na kimoja cha tarehe, vinaizunguka na kuifunika taratibu, mzunguko mmoja kwa siku 59. Mwezi mmoja ni kama unavyoonekana kaskazini mwa dunia, wa pili kama unavyoonekana kusini, na wa kusini wameuweka juu. Niliposikia hilo nilifurahi kama aliyekumbukwa kwenye wosia. Kisha nikatoka nje jioni nikautazama mwezi mchanga juu ya Dar es Salaam. Ulikuwa umelala chali, pembe juu, kama ngalawa. Huku karibu na ikweta mwezi haukai wima kama wa kaskazini wala kama wa kusini, unalala. Miezi miwili kwenye saa moja na hakuna hata mmoja wetu! Nauweka huu kama ombi rasmi kwa mafundi wa Uswisi.

Na hata wakiuweka, hautafungulisha mtu. Ikifika jioni ya mwisho wa Ramadhani watu wanapanda mapaa na kusimama ufukweni kuutazama upande wa magharibi, na mabishano ya umeonekana wapi na umeonwa na nani yatakuwepo mwakani kama yalivyokuwepo mwaka jana. Gurudumu la meno 135 haliitwi kutoa ushahidi.

Lililonishinda kulitoa kasoro ni Midnight Planétarium, tena ya Van Cleef & Arpels, ya mwaka 2014. Humo sayari, kila moja kajiwe kadogo, zinazunguka kwa mwendo wake halisi: Utaridi siku 88, Zuhura siku 224, Dunia siku 365, Mirihi siku 687, Mshtarii karibu miaka 12, Zohali zaidi ya miaka 29. Mtu akiinunua ana miaka 45, Zohali likimaliza mzunguko mmoja atakuwa amepita 70, na hapo saa iwe haijasimama hata siku moja, jambo lisilowezekana, maana saa inataka kufunguliwa, kusafishwa na kutiwa mafuta kila baada ya miaka michache. Kwa hiyo kuna kajiwe kanakotembea mkononi mwake ambako hatakaona kakitembea na pengine hatakaona kakifika. Hapo sina neno. Mizani imetimia.

Nitaulizwa bei. Huulizwa kila nikizungumza haya kijiweni, tena kwa sauti ya kesi. Ile ya Hermès ya chuma, ikiwa mpya, ilikuwa bei ya gari la maana la kutumika kutoka Japani, ushuru umelipwa, bima imekatwa na mafuta yamejazwa. Ya darajani na ya sayari tusiziongelee, tutakosana. Jibu langu ni fupi: sinunui, na sijaambiwa kwamba anayeusifia mlango wa Lamu lazima awe na nyumba ya kuutia. Simu ya laki moja inataja saa kwa usahihi kuliko zote nilizozitaja, na saa ya kwazi, ile ya betri, ya elfu ishirini pia, hilo halina ubishi tangu Seiko walipotoa saa ya kwanza ya kwazi ya mkononi, Desemba 1969, na kuwaacha maelfu ya mafundi wa Uswisi bila kazi. Kutoka hapo saa ya magurudumu ilipoteza hoja ya kuwa chombo. Ikabaki kutafuta cha kusema. Nyingine zimepata cha kusema, nyingi zimepata cha kujisifia.

Mimi ninayo ya marehemu baba, Seiko 5, vito 17, ambayo mjomba alimletea kutoka Muscat kwenye miaka ya themanini. Siku ya juma inaandika kwa Kiarabu. Haina ufunguo wa kutia. Inajijaza kwa mkono unavyotembea, na gurudumu lake la mizani linapiga mara 6 kwa sekunde, mizani pungufu, guni kwa masharti yangu mwenyewe. Mwezi uliopita niliipeleka kwa fundi saa wa Kariakoo, anayekaa chini ya ngazi na kabati lake la kioo. Akafungua mgongo, akabana lenzi jichoni, akanyamaza muda mrefu. “Huyu mzee wako alikuwa anafanya kazi gani?” Nikamwambia dereva wa malori. “Ndiyo maana,” akasema, akaonyesha kwa ncha ya kibano mahali kile kipande kizito kinachozunguka kilipokuwa kimekula bamba la chini, mkwaruzo wa duara unaong'aa, miaka ya kukata kona za Kitonga.

Tangu hapo naivaa siku za kazi. Ijumaa jioni nikiivua inaendelea yenyewe mpaka usiku wa Jumamosi, halafu inasimama bila kuombwa. Jumatatu hii niliiokota juu ya friji ikionyesha saa tatu na dakika arobaini, ya usiku gani sijui. Nikaitikisa mara ishirini karibu na sikio mpaka mshale wa sekunde ukaanza kukimbia, nikamuuliza mama watoto ni saa ngapi niirekebishe.

“Hiyo simu uliyoishika mkono wa pili ni ya nini?” akaniuliza.